Dawa Mdomoni

Dawa ilijaa mdomoni mwa Romwaldi, chungu, na alikuwa hajaimeza.

Nje ya geti la kliniki mkewe alichuchumaa juani, arosto ya kukosa dawa za kulevya imemkamata, kamasi zinamtoka. Alikuwa akisubiri amletee japo funda moja. Yeye hakuwahi kushikwa na polisi akiwa na unga, kwa hiyo jina lake halikuwa kwenye daftari la kliniki. Romwaldi alishikwa. Mwendesha mashtaka aliiweka kesi pembeni kwa sharti moja: anywe methadoni, dawa ya kuacha unga, kila siku mbele ya nesi. Akitoka na dawa, kesi inarudi, na jela inamsubiri.

Aliinamisha uso, akageuka aondoke.

"Wewe Romwaldi," nesi alimwita kutoka dirishani. Alikuwa mama mtu mzima, na macho yake yalikuwa bado kwenye daftari. "Siku zote unaniamkia. Leo nimekuwa mdogo wako?"

Wenzake kwenye foleni wakacheka. Romwaldi alipunga mkono. Mate yalizidi kujaa, mashavu yakamuuma, tone likamchuruzika hadi kidevuni.

Nesi akainua macho. "Naisubiri shikamoo yangu."

Mlinzi akasogea mlangoni. Nyuma yake, getini, mkewe alikuwa amesimama, anatabasamu.

Romwaldi akameza. Yote.

Mkewe aliliona koo lake likipanda na kushuka. Tabasamu likamtoka, akaokota kandambili zake.

"Shikamoo, mama," Romwaldi alisema. "Yule mwanamke wa kitenge cha njano ni mke wangu. Na yeye anatumia. Mwahini kabla hajakimbia."