Seva ya Barua za Ijumaa

Siku hizi ndoa hudumu kwa barua pepe. Kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana, mume na mke humwandikia msajili wa kata, kila mmoja kivyake, kwamba bado anamtaka mwenzake. Barua moja isipofika, ndoa imevunjika, na wakitaka wafunge upya.

Mwezi ule seva ya kata yetu ilikuwa ikipoteza mtandao na kuurudisha yenyewe. Ndoa kumi na moja zilivunjika bila ugomvi, ikiwemo ya Atupele, fundi wetu hapa ofisi ya msajili. Mumewe Gwakisa alilaumu mtandao, wakafunga upya.

Mafundi wengine walikuwa wakizima na kuwasha, kisha wanaondoka. Atupele aliketi kando ya seva siku tatu, akiandika daftarini kila dakika mtandao ulipokatika.

"Sikiliza," aliniambia siku ya tatu. "Pampu ya maji ikiwaka tu, tunakatika."

Akaufuata waya wa mtandao hadi nyuma ya ukuta, akaukuta umefungwa pamoja na waya wa umeme wa pampu. Akautenganisha na kuupitisha juu ya dari. Sijaona kazi safi kama ile.

Ijumaa iliyofuata barua zilimiminika, na ofisi nzima tukampigia makofi. Ilipotimia saa sita, ilikosekana moja tu: ya Gwakisa.

"Labda mtandao umekatika tena," nilisema.

Atupele alisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, asiruke hata mmoja.

"Mtandao ni mzima, dada," alisema taratibu. "Hakuandika."