Gari Lenye Choo

Fundi Abdisalam aliingiza kichwa chote chini ya sinki, akavuta pumzi ndefu, kisha akatoka mbio na kutapikia maua ya jirani.

"Umeipata?" Nelima aliuliza.

"Imenipata," alisema fundi.

Ilikuwa Alhamisi, mjini Kitale, mwaka wa tisini na moja. Gari lenyewe lilikuwa kioja cha mtaa. Mzungu fulani alikuja nalo kupanda Mlima Elgon, akagombana na mkewe huko huko juu, akarudi kwao peke yake kwa ndege. Wakhungu, mume wa Nelima, akalipata kwa huyo mke aliyeachwa, kwa kubadilishana na mtamba mmoja na redio. Lilikuwa na jiko, friji, sinki, choo cha kukalia na kitanda cha watu wawili. Tangu upepo uezue paa la nyumba yao ya kupanga, mume na mke walilala humo humo.

Majirani walibishana mpaka wakachoka: hilo ni gari au ni nyumba?

"Nyumba gani ina namba mbele na nyuma?" Nelima aliwajibu, na kwake mjadala ukaishia hapo.

Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama kanisani akatangaza kwamba Jumamosi mama yake atapelekwa Kanduyi, kwenye harusi ya kitinda mimba wake, mdogo wa Nelima, ndani ya gari lenye choo. Bwana harusi alikuwa na Peugeot, na Nelima hangekubali kupitwa na Peugeot. Kanisa lilishangilia. Wakhungu naye alipiga makofi, polepole. Mama mwenyewe, aliyekuwa ametoka Matulo kumtembelea dada yake pale mtaani, aliinama akajifunika uso kwa leso. Wanawake wakasema ni machozi ya furaha.

Jumatano gari likaanza kunuka.

"Kanisa zima linajua!" Nelima alilia. "Mama akikosa hii safari nitaficha wapi uso wangu? Fundi, nitolee huu uvundo, nakuomba."

Abdisalam, ambaye kibanda chake kilikuwa nyuma ya msikiti, hakuwa mtu wa kujishusha. "Mama, pua hii imewahi kugundua panya ndani ya ukuta wa benki," alisema huku akijifuta mdomo. "Sembuse kigari."

Alimwaga maji kwenye kona ya bomba la sinki, akaeleza kwamba kona hiyo ikikauka harufu ya tanki hupanda moja kwa moja hadi puani. Choo alikisugua kwa magadi. Tanki la maji machafu akalijaza maji ya sabuni, akamwambia Wakhungu aendeshe kwenye mashimo ili lijisukutue. Mashimo Kitale hayakuwa haba. Wakhungu aliyapiga yote kwa bidii ya ajabu, vikombe vitatu vikavunjika.

Bado uvundo ulikuwa palepale. Mwishowe fundi alivuta friji, na nyuma yake akakuta kichwa cha mbuta kimefungwa kwenye gazeti.

"Panya," Wakhungu alisema haraka.

"Panya anafunga samaki na gazeti?"

"Panya wa siku hizi ni wajanja, bana."

Ijumaa asubuhi gari lilinukia sabuni. Mama akapita kuwajulia hali kama kawaida yake, akisimama nje na kuongea na bintiye dirishani. Wakhungu alipotokea, mama alikata njia akajificha nyuma ya ua, na Wakhungu akageuka kutazama mahindi ya watu. Walikuwa wakwe wenye adabu, na kwa mila yao mama mkwe hakanyagi anapolala mkwewe. Tangu Nelima aolewe hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Salamu zote zilipitia kwake.

Kufika saa sita, gari likanuka tena, na vibaya zaidi. Chini ya dirisha fundi akatoa yai viza lililopasuka, limeviringishwa kwenye jani la mgomba.

"Yai?" Wakhungu alitoa macho. "Ati yai? Limetoka wapi?"

"Muulize panya wako."

Abdisalam alisugua kila pembe kwa ndimu na siki, akaacha karai la makaa chini ya kitanda linyonye harufu iliyobaki, akaapa kwamba akirudi tena hapo ataacha ufundi auze njugu.

Jumamosi asubuhi kwaya ilikuwa tayari juu ya lori, ikiimba. Mama alisimama langoni na gauni jipya. Abdisalam alikuja kusifiwa. Nelima alifungua mlango kwa madaha, akarudi nyuma hatua mbili. Mkia wa mbuta ulikuwa ndani ya oveni. Yai la pili lilikuwa limepasukia dirishani.

Hapo Nelima akapandwa na wazimu. Alimkaba fundi shati.

"Ni wewe! Wewe ndiye unaweka, ili nikuite tena na tena! Twende kwa chifu, leo utalala ndani!"

"Wallahi si mimi, mama! Nina watoto!"

Wanakwaya walianza kuruka chini ya lori, wengine tayari wameshika viatu mkononi wamtandike. Abdisalam alianza kusoma dua kwa sauti.

"Mwachilie huyo mtu." Ilikuwa sauti ya Wakhungu, kutoka upande wa pili wa gari. "Samaki ni wangu. Lakini mayai, haki ya Mungu, sijui ni ya nani."

Pale langoni mama alimpa mkwewe mgongo vizuri, akajifunika leso, akakohoa.

"Mayai ni yangu," alisema. "Nelima, mwanangu, kweli ulitaka nikakalie kitanda cha mkwe wangu?"