Anayekaa na Mama

"Anatema mate kwenye sinki," binti alisema, "tena vyombo vikiwa ndani."

Aliyasema hayo sebuleni, mbele ya kaka yake. Mama alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda nyuma ya mlango usiofungika vizuri, ungo wa mchele mapajani. Alichambua punje moja moja kama mtu asiyesikia. Alikuwa anasikia kila kitu, na kwenye mwanya wa mlango aliona nusu ya kochi.

Mwanawe wa kwanza alikuwa amekuja kumchukua. Ndugu walimwita Meneja tangu utotoni, kabla hajaajiriwa popote, kwa sababu alikuwa haombi kitu, anaamua. Safari hii alikuwa ameamua kwamba Mama akamalizie uzee kwake, katika mji mwingine, ghorofani. Alilitangaza kwenye simu, kisha akaja na gari na mkewe, na sanduku la Mama likawekwa tayari kwenye korido. Kuulizwa, Mama hakuulizwa. "Mzee hajui linalomfaa," Meneja alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Ila hakuwa mtu wa kuondoka bila kulaumu. Majirani, alisema, wamemwambia kwamba dada yake humfokea Mama mpaka sauti inafika barabarani. Na mbona Mama amekonda? Mbona sweta lake lina tundu kiwikoni, na humu ndani anaishi fundi cherehani?

Ndipo fundi cherehani alipofunguka.

"Namfokea, ndiyo. Ungekaa naye wiki moja ungefoka na wewe. Sweta hilo nalishona, yeye analifumua apate uzi wa kufungia mifuko ya plastiki. Imejaa chini ya godoro lake. Akijigeuza tu inapiga kelele, nyumba nzima inaamka."

Meneja alisema mzee ni mzee, huvumiliwa.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, kaka."

Akaendelea, na pumzi alikuwa nazo. Redio hufunguliwa alfajiri, kwa sauti ya kuwaamsha hata waliozikwa. Ukigeuka kidogo, Mama anaongeza chumvi kwenye sufuria yako, kisha mezani anauliza nani kaimwaga chumvi yote hii. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika anayaanika dirishani, halafu anayarudisha kwenye kopo. Na chumba chochote huingia bila hodi, hata cha mume na mke, akifika anakaa kitandani na kuanza kusimulia alichoota.

"Hata chumbani?" mke wa Meneja aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu asalimie.

"Hasa chumbani, wifi. Ukifunga kwa ufunguo anagonga mpaka ufungue. Anadhani umekufa."

Kochi lililia, mtu akijiweka sawa. Vidole vya Mama viliacha mchele.

"Na yale meno yake ya bandia," binti alisema, "huyaloweka kwenye glasi yoyote atakayoikuta. Mimi nina kikombe changu, nakificha."

Glasi ilitua mezani taratibu. Mama alifumba macho.

Meneja alipandwa na hasira. Alimwita dada yake mwiba uliomea ndani ya nyumba. Alisema Mama alihangaika miezi tisa kwa ajili ya jiwe. "Unamsema kama takataka," alisema, "na yuko hapo jikoni anasikia."

"Asikie." Sauti ya binti ilikuwa imeshuka. "Mimi ndiye namwogesha. Mimi namkata kucha, namsugua miguu ikifa ganzi. Halafu mgeni akija, Mama anamwonyesha picha yako pale ukutani. 'Mwanangu ni yule,' anasema. Na mimi nimesimama hapo hapo, nimeshika sinia la chai."

Mama alifumbua macho.

Meneja alikohoa, na alipozungumza ubabe ulikuwa umempungua. "Kama ananikumbuka hivyo," alisema, "basi ndiyo sababu zaidi ya kwenda naye."

"Baba watoto." Mkewe alikuwa ameshasimama, mkoba begani. "Twende kwanza. Haya tutayazungumza nyumbani. Chumba chenyewe bado hakijapakwa rangi."

Kilikuwa kimepakwa, na Meneja mwenyewe alikuwa amewasifia ukoo mzima rangi yake. Alimtazama mkewe, kisha akachukua funguo za gari.

Aliingia jikoni kuaga. Aliinama, akamshika Mama mkono, akamwambia avumilie kidogo, acha ajipange, atarudi. Mama alimwambia aendeshe polepole. Mlangoni Meneja alimgeukia dada yake.

"Siku akifa usinipigie simu," alisema. "Mwite jirani."

Gari likaondoka, sanduku likabaki kwenye korido. Huku kasemwa kama takataka, kule kakataliwa na mtu ambaye hata kinywaji hakukimaliza. Mama aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

Binti aliingia na glasi, akazipanga kwenye sinki bila kumtazama.

"Lile la meno umelichelewesha," Mama alisema. "Nilikwambia uanze nalo. Yule mkewe hana roho ya kustahimili uchafu."

"Nilichanganya mpangilio."

"Na la picha? Hilo mimi sikukufundisha."

Binti alifungua bomba, akaacha maji yatiririke.

"Hilo, Mama, sikuhitaji kufundishwa."