Pampu Katikati ya Mji

Kidawa, balozi wa nchi ndogo isiyo na hata kifaru kimoja cha vita, aliruka chini kabla lori halijasimama vizuri. Lori lilibeba pampu ya maji, msaada wa nchi yake kwa mji uliogawanywa na vita. Kisima kirefu kilikuwa upande mmoja, umeme upande wa pili. Sharti la msaada lilikuwa moja tu: makamanda wa pande zote mbili waje wenyewe kuiwasha.

"Hawaji hao," alisema dereva wake.

"Watakuja. Kwani askari hawanywi maji?"

Mafundi walipomaliza kufunga mabomba, Kidawa akatazama huku na huku. Kamanda Mbaruku alitokea upande wa kisima, Kamanda Sengo upande wa umeme. Wakasimama bila kusalimiana.

"Mama Balozi, huu ni msaada au mtego?" Mbaruku aliuliza.

"Ni maji, baba. Kisima ni chako, umeme ni wake. Mkinyimana, wote mtakunywa vumbi."

Sengo akaangua kicheko. Mbaruku akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, bomba likatikisika, na maji yakavuka mstari wa mapigano. Vigelegele vikapasuka pande zote. Kidawa akajikuta anarukaruka kama mtoto.

Ghafla kiungo cha bomba kikafyatuka, maji yakaruka juu.

"Shika hapo, Sengo!" Mbaruku akapiga kelele.

Sengo akatupa kofia, akalikumbatia bomba. Wakasimama bega kwa bega, wameloa chapachapa, na mafundi walipofika na spana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.