Kalamu Nyekundu

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mzee fundi saa alifungua droo ya marehemu mkewe akitafuta miwani, akakuta karatasi zake za kujaribia.

Zilijaa vitenzi vya Kifaransa, katika ile hali ya kutamani au kujutia mambo yaliyokwisha kupita, iliyolitoa jasho darasa zima la watu wazima walilosoma pamoja. Vyote vilikuwa sahihi.

Lakini daftari ambalo mkewe alimpa kila jioni alikague halikukosa makosa matatu, manne. Naye mzee aliyasahihisha kwa wino mwekundu, kifua mbele.

"Mama watoto, umechemka tena!"

"Basi nifundishe, mwalimu wangu," mkewe alikuwa akimjibu huku akicheka. "Kichwa changu kigumu."

Mzee akaliweka daftari kando ya karatasi. Vitenzi vilikuwa vilevile. Mkewe aliviharibu wakati wa kunakili, kwa mwandiko uliotulia, bila kufuta hata herufi moja.

Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na maneno mekundu ya mkono wa mzee mwenyewe: *Jitahidi zaidi.*

Binti yao alichungulia mlangoni. "Baba, darasani huendi leo?"

"Nitachelewa, mwanangu," alisema, akipapasa mifuko akitafuta kalamu. "Kuna kosa langu hapa."