Subira ya Tunu

Siku hizi mechi ikiisha, watoto huvishwa kofia za nyaya, na yote waliyojifunza uwanjani, subira, ujasiri na kushirikiana, hunyonywa na kupewa watoto wa wakubwa, wasiocheza. Tunu, nahodha wa netiboli, alirudi kutoka mechini akamzaba kofi mdogo wake kwa kumwaga uji tu.

Mama yake, Zawena, alikwenda shuleni mbio.

"Mama Tunu, usihofu," mwalimu wa michezo alimwambia. "Wiki ijayo atacheza tena, atavuna nyingine."

"Mwanangu si shamba lenu!" Zawena alifoka. "Atoke jasho yeye, matunda wale wengine?"

"Ndiyo sheria, mama."

Mechi iliyofuata, timu ya Tunu ilifungwa. Tunu alimkumbatia mwenzake aliyekosa goli, akawapa mkono washindi. Kofia zilipoletwa, Zawena aliingia uwanjani, akamshika bintiye, wakaondoka bila kuaga.

Jioni gari la wakubwa lilisimama nje. Zawena aliwasukumia watoto chumbani, akashika mwichi, akasimama mlangoni. Hodi ilibishwa taratibu, ikarudiwa, ikarudiwa tena. Aliyebisha hakuwa na haraka hata kidogo, kama mtu aliyepewa subira ya Tunu.