Mkangaga wa Gety

Arlette alipolipasua kopo la mafuta kwa kisu, hakukuta udongo. Alikuta mizizi mitupu, imejiviringa humo ndani ikizunguka na kuzunguka, ikitafuta pa kutokea.

Mkangaga ule, mmea wa majimaji, aliung'oa kando ya kijito cha kwao Gety, siku walipokimbia vita. Kwa miaka minne hapa ukimbizini Mudzipela, kila alipotaka kuuhamishia kwenye chungu, mumewe alimkataza. Kopo ni jepesi kubeba, alisema, na mwezi ujao tunarudi. Mwezi ujao haukufika. Majani yakageuka manjano.

Leo mume alikwenda kuulizia habari za njia. Arlette akanunua chungu kikubwa, kizito, cha kuinuliwa na watu wawili. Aliichambua mizizi harakaharaka, sikio lake likiwa mlangoni.

Mlango ukalia.

"Arlette, weye uko nafanya nini? Balifungula barabara ya Gety! Kesho asubui tunarudia kwetu!"

Mikono yake ilikuwa imezama kwenye udongo wa chungu. Mzizi mmoja mwembamba ulikuwa umemzunguka kidole.

Aliuchomoa polepole, akaufukia, akashindilia udongo kwa viganja vyote viwili.

"Niletee mayi ya kumwangia," akasema bila kugeuka.